Chujio la Tangi la Samaki Litengenezwalo Nyumbani

Maji ya bomba ya Kampala hutoka Ziwa Viktoria, yakasafishwa na kutiwa klorini ili yamfae mwanadamu. Klorini hiyo humdhuru samaki. Basi mfugaji, awe Mbuya au Naguru, huyaacha maji ndooni siku moja au mbili kabla ya kuyatumia.

Hatari ya pili ni amonia itokayo katika taka za samaki. Haionekani; maji yaweza kuwa maangavu na samaki wakafa. Kinga yake ni chujio, nalo si lazima linunuliwe.

Chupa ya plastiki hutobolewa matundu karibu na shingo. Mrija husimamishwa ndani hadi karibu na kitako, ukitokeza mdomoni. Changarawe iliyooshwa humwagwa kuuzunguka, na vipande vya sponji huwekwa juu yake. Mpira wa pampu ya hewa huteremshwa ndani ya mrija. Mapovu hupandisha maji, na mengine huingia matunduni. Pampu iwekwe juu kuliko tangi, ili umeme ukikatika maji yasiirudie.

Katika sponji hukaa bakteria waipunguzao sumu ya amonia. Huchukua majuma manne hadi sita kuongezeka. Tangi jipya litiwe samaki wachache.

Wengi hukosea hapa: huosha sponji bombani, klorini ikawaua bakteria, na baada ya siku chache watoto huwakuta samaki wakielea. Sponji na ikamuliwe katika maji yaliyotekwa tangini.