Mkwaju wa Nyuma katika Programu za Kompyuta

Mwanafunzi ameandika programu ya Python ya kusoma alama za mtihani zilizohifadhiwa katika faili liitwalo "C:\takwimu\namba.txt". Faili lipo, na jina halina kosa la tahajia. Hata hivyo kompyuta yashindwa kulifungua faili hilo. Kosa liko wapi?

Chanzo chake ni alama \, yaani mkwaju wa nyuma, ambayo imepewa kazi mbili zisizopatana. Katika lugha ya C, iliyobuniwa na Dennis Ritchie katika maabara za Bell huko Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1970, mkwaju huo ukiwa ndani ya alama za kunukuu hubadili maana ya herufi inayoufuata. Hivyo \n si herufi n, bali ni ishara ya kuanza mstari mpya. Na \t ni ishara ya kuruka nafasi katika mstari. Lugha nyingi za baadaye, ikiwamo Python, zilirithi kanuni hiyo.

Kwa upande mwingine, mfumo wa MS-DOS ulipoanza kupanga mafaili katika folda mwaka 1983, mkwaju wa kawaida, /, ulikuwa umekwisha kupewa kazi ya kubainisha namna ya kutekeleza amri, kama katika DIR /W. Kwa hiyo mkwaju wa nyuma ulichaguliwa kutenganisha majina ya folda, na Windows ikafuata mtindo huo.

Basi kompyuta isomapo jina la hapo juu, huona C:, kisha nafasi tupu, kisha akwimu, kisha mstari mpya, na mwisho amba.txt. Faili la jina hilo halipo.

Hatari zaidi ni kosa linalojificha. Katika Python, \m na \k hazina maana maalumu, kwa hiyo "C:\matokeo\kidato.txt" husomwa sawasawa, na mwandishi hudhani njia yake ni sahihi hadi siku folda itakapobadilishwa jina. Tangu toleo la 3.12 la mwaka 2023, Python hutoa onyo la wazi juu ya jambo hilo.

Tiba ni tatu. Kwanza, kuandika mkwaju mara mbili, "C:\\takwimu\\namba.txt", kwani miwili husomwa kama mmoja. Pili, katika Python, kutanguliza herufi r, yaani r"C:\takwimu\namba.txt", ili mkwaju usibadili maana ya herufi. Tatu, kuandika "C:/takwimu/namba.txt", kwa kuwa Windows huukubali mkwaju wa kawaida programu inapofungua faili.

Kompyuta haikisii nia ya mwandishi. Hufuata kanuni ya lugha aliyoichagua.