Istilahi za Huduma za Uwashaji katika Kompyuta ya Nyumbani

Mfasiri anayepewa mwongozo wa Linux aufasiri hukutana mapema na sura inayomshauri mtumiaji aamue ni huduma zipi zianze kazi mara kompyuta inapowashwa. Sura hiyo huonekana nyepesi, lakini tafsiri ikikosewa hasara humwangukia mtumiaji: hudhani amefunga mlango, kumbe mlango u wazi. Makala haya yanakusudia kueleza dhana zinazohusika na kupendekeza istilahi zake.

1. Dhana na majina yake

Linux ilianzishwa na Linus Torvalds nchini Finland mwaka 1991. Kompyuta inapowashwa, kiini cha mfumo huanzisha programu moja yenye namba 1, nayo huziamsha nyingine. Katika mifumo mingi ya Linux ya leo programu hiyo ni systemd, iliyotangazwa mwaka 2010.

Programu ziamshwazo hivyo hukaa nyuma ya kioo zikingoja kuitwa. Jina lake la Kiingereza lilianza kutumiwa huko MIT, Marekani, katika miaka ya 1960, kwa kumkumbuka kiumbe wa kufikirika katika fizikia ya James Clerk Maxwell. Mfasiri akilifuata jina hilo neno kwa neno atapata "pepo", na msomaji atadhani kompyuta imeingiliwa na uovu. Twapendekeza "mngojezi", neno lenye asili moja na mngoja mlango. Kazi aifanyayo mngojezi iitwe "huduma".

Kuhusu wakati wa kuanza, "uamsho" halifai kwa kuwa limekwisha kuchukuliwa na dini. Na "huduma za mwanzo" laweza kueleweka kuwa ni huduma za ngazi ya chini, kama ilivyo katika Mahakama ya Mwanzo. Yafaa tuseme "huduma za uwashaji".

2. Huduma zipi zahitajiwa?

Huduma zaweza kugawanywa katika mafungu matatu:

(a) Za lazima. Hizi ni zile zinazotambua vifaa (udev), zinazopitisha ujumbe baina ya programu (D-Bus), zinazoandika kumbukumbu za mfumo na zinazosimamia uingiaji wa watumiaji. Mtumiaji asiziguse.

(b) Za hiari. CUPS yahitajiwa na mwenye printa tu, na Bluetooth na mwenye vifaa vyake. ModemManager huondolewa na wengi wenye intaneti ya waya. Lakini apataye intaneti kwa modemu ya laini ya simu akiiondoa, huenda akajikatia mawasiliano. Kwa hiyo mfasiri asiandike "haihitajiki" pasipo kutaja sharti lake.

(c) Za kuangaliwa sana. Hizi ni zile zinazosikiliza wito kutoka nje, kama sshd, ambayo humwezesha mtu aliye mbali kuingia katika kompyuta. Mwezi Septemba 2024 zilitangazwa kasoro zilizohusu cups-browsed, huduma inayotafuta printa katika mtandao: kasoro hizo zikiunganishwa, mtu wa mbali aliweza kuendesha amri zake katika kompyuta ya mwingine. Asiye na printa hakuwa na sababu ya kuiacha huduma hiyo ikingoja.

3. Vitenzi vitatu, si kimoja

Hapa ndipo penye hatari kubwa zaidi. Amri ya systemctl ina vitendo vitatu ambavyo wafasiri aghalabu huviita vyote "kuzima". Ni lazima vitenganishwe:

(a) Kusimamisha: huduma huacha kazi sasa hivi, lakini kompyuta ikiwashwa kesho, huduma itarudi.

(b) Kuondoa zamu: huduma hufutwa katika orodha ya uwashaji, lakini ile inayoendelea leo haikatizwi. Kinyume chake ni "kupangia zamu".

(c) Kufungia: huduma haiwezi kuanzishwa kabisa, hata ikiitwa na huduma nyingine inayoitegemea. Huduma iliyoondolewa zamu tu yaweza kuitwa hivyo.

Tuseme mwalimu anasoma, "Zima sshd", akaisimamisha tu. Siku ile atakuwa salama. Kesho yake mlango utakuwa wazi tena, naye hana habari. Kosa si lake, bali ni la kitenzi alichopewa. Mwongozo uliofasiriwa vema ungemwambia: "Simamisha sshd, kisha uiondoe zamu."

Neno "zamu" limechaguliwa kwa sababu lafahamika shuleni, hospitalini na ofisini. Kila mtumishi ajua kwamba kuwa kazini leo na kuwamo katika orodha ya zamu ya kesho ni mambo mawili mbalimbali.

Kwa muhtasari, istilahi zinazopendekezwa ni: mngojezi, huduma ya uwashaji, kusimamisha, kupangia zamu, kuondoa zamu na kufungia. Wafasiri, walimu na watumishi wa serikali wanaombwa kuzijaribu katika kazi zao na kutuletea maoni, hasa pale wanapoona neno moja limebebeshwa maana mbili.