Mabati ya Mama na Karata Zisizo na Uso

Ndugu msomaji, huenda nawe umepata kuketi barazani jioni baada ya kazi, karata zikachangwa, na mchezo ukaenda hadi mwadhini au jogoo akawakumbusha kwamba mna nyumba za kurudi. Mimi ni mmoja wenu. Karata nilifundishwa utotoni huko Newala, na majina yake niliyajua kabla sijajua kusoma: kopa, uru, pau, shupaza, na turufu. Baadaye nikaja kufahamu kwamba majina hayo yote asili yake ni Kireno. Haikunishangaza. Ukisimama Shimo la Mungu, pale uwanda wa juu wa Makonde unapokatika ghafla, unaliona bonde la Ruvuma chini yako, na ng'ambo yake ni Msumbiji, nchi waliyoitawala Wareno hadi mwaka 1975.

Kazi yangu ya ukarani iko Masasi, mji ulioketi katikati ya majabali makubwa ya mawe. Hapo ndipo nilipojifunza poka. Kila mchezaji hupewa karata mbili za siri. Kisha karata tano huwekwa wazi mezani kwa awamu, na kila awamu watu huweka dau, huongeza, au hutupa karata zao. Mwenye mkono bora hutwaa fedha zote. Lakini pia hutwaa mwenye mkono mbovu, iwapo amewatisha wenzake wakatupa. Huo ndio utamu wa mchezo wenyewe, na ndio sumu yake.

Tulikuwa watano nyuma ya nyumba moja ya wageni, kila Jumamosi. Leseni hatukuwa nayo, na sitajifanya kwamba sikujua jambo hilo. Dau letu lilikuwa dogo, na saa nzima haikutosha hata mizunguko 30, kwa kuwa hadithi za kazini zilikuwa nyingi kuliko karata. Katika mwendo huo wa kobe nilijifunza kuwasoma wenzangu. Dereva mmoja wa lori, kwa mfano, alikuwa akipata karata nzuri hunyamaza kimya na kuanza kuikunja kofia yake. Nilipoiona kofia ikikunjwa, nilitupa. Kwa miezi miwili nilipata faida ya shilingi 40,000 hivi, nami nikaamini kwamba nimekuwa bingwa. Kumbe nilikuwa bingwa wa kofia moja.

Kisha nikasoma habari za Chris Moneymaker. Huyu alikuwa mhasibu wa Tennessee, Marekani, ambaye mwaka 2003 alipata nafasi ya kuingia mashindano ya dunia ya poka huko Las Vegas kupitia mchezo wa intaneti uliomgharimu dola zisizofika 100. Aliondoka na dola milioni 2.5. Washindani walikuwa 839. Sikujiuliza juu ya hao 838 wengine, wala hakuna anayeandika habari zao. Mhasibu na karani, nilijisemea, wana tofauti gani?

Mwaka huohuo wa 2003 hapa kwetu ilitungwa Sheria ya Michezo ya Kubahatisha, iliyozifuta sheria za mwaka 1967 na 1974 na kuleta Bodi ya kusimamia michezo hiyo. Rais alikuwa Benjamin Mkapa, mzaliwa wa Lupaso, wilaya hiihii ya Masasi. Sheria inamkataza aliye chini ya miaka 18. Kwa simu za siku hizi, mzazi, wewe ndiwe bodi ya kwanza nyumbani mwako. Usisubiri ya serikali.

Sasa sikiliza yaliyonipata. Wewe uishiye mjini yafaa ujue kwamba uwanda wa Makonde una shida ya maji tangu zamani. Udongo wake huyameza maji, na mama zetu walizoea kushuka mabondeni na kupanda tena na mitungi vichwani. Ndiyo maana huko bati si fahari tu. Paa la bati hukinga mvua, maji yakaingia katika tangi, na mama akapumzika kushuka bondeni. Mama yangu alikuwa na tangi tayari, lakini paa lake lilikuwa la nyasi.

Msimu ule wa korosho, baada ya mnada, chama cha msingi kilimlipa. Akanitumia kwa simu shilingi 750,000 nimnunulie mabati 30 hapa Masasi, kabla ya mvua za Desemba. Fedha ziliingia Jumatatu. Gari la kuyapandisha mabati lilikuwa la Ijumaa. Katika siku hizo nne nikaona si vibaya fedha zikizunguka kidogo.

Nilijiunga na meza moja ya ng'ambo ndani ya simu. Usiku wa kwanza nilipata faida ya shilingi 60,000, na kwa hakika huo ndio usiku ulioniumiza. Usiku wa pili nilianza kuona tofauti. Simuni hakuna kofia. Hakuna uso, hakuna sauti, hakuna anayekohoa. Karata huja mbiombio, mizunguko ya saa nzima ya Masasi ikaisha kwa nusu saa au chini yake. Tena wapo watu ambao hiyo ndiyo kazi yao, wanacheza meza kadhaa kwa wakati mmoja na kuandika kila unachokifanya. Uwezekano wa kupewa ree mbili ni mmoja katika 221. Wao wanaweza kungoja mizunguko 221, ilhali mimi nilikuwa na gari la Ijumaa.

Wala hao si peke yao wanaokula. Mwenye meza hukata sehemu yake katika fedha zinazoshindaniwa, hata wachezaji wawe sawa kwa ujuzi. Fanya hesabu hii kwenye karatasi: ukizungusha shilingi 100,000 mara 20, na kila mara ikakatwa 5 katika mia, mwisho utabaki, kwa wastani, na shilingi 36,000 hivi. Vivyo hivyo kwa mikeka ya mpira. Mkeka wa mechi nane, kila moja ikiwa na uwezekano wa 60 katika mia, hukamilika mara mbili hivi tu katika mia.

Hesabu hizo nilizijua. Usiku wa Jumatano sikuzifanya. Nilikuwa nimeshapoteza 300,000, nikaiacha poka, mchezo ambao angalau una akili ndani yake, nikaingia katika kile cha kindege, ambapo dau lako hupanda na ndege, na usipotoa fedha kabla haijatoweka, umepoteza. Nilikuwa nikitaka kurudisha tu. Alfajiri ya Alhamisi nilibaki na shilingi 270,000.

Ijumaa nilipanda Newala na mabati kumi.

Mjomba wangu, kaka yake mama, ndiye aliyetupokea garini. Katika mila zetu Wamakonde mjomba si mgeni katika jambo la namna hiyo.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mjomba." Akayahesabu. Akayahesabu tena. "Dada yangu aliniambia thelathini."

Nilimweleza yote pale pale, utingo akisikia. Hakugomba. Aliuliza tu, "Hao waliokula, wanakaa wapi?"

"Sijui, mjomba."

"Majina yao?"

"Sijui."

"Siku nne mmekaa meza moja, na hujui hata wanakokaa?"

Sikuwa na jibu. Akaniambia niingie ndani nikamwambie mama mwenyewe, yeye hatanisemea. Nikaingia. Mama alisikiliza, kisha akauliza kama nimekula.

Mabati kumi yaliezekwa upande mmoja tu, ule unaoelekea tangi. Upande wa pili ukabaki nyasi. Kila mwisho wa mwezi nilipeleka mabati mawili. Mvua ya kwanza iliponyesha mjomba alitumbukiza fimbo ndani ya tangi, akanionyesha palipolowa. Hapakufika gotini.