Fahamu: Tanini za matunda na mabadiliko ya jeni

Ukakasi unaobaki mdomoni ukila bibo au ndizi mbichi hutokana na tanini, kemikali zinazoukinga mmea dhidi ya walaji wake.

Tanini zinalindaje jeni?

Benzopirini, kemikali iliyomo kwenye moshi, ikishachakatwa mwilini, hujibandika kwenye DNA inayobeba jeni na kuiharibu, na uharibifu huo unaweza kuleta saratani. Asidi ya elaji, itokanayo na tanini za komamanga, huweza kuinasa kabla haijafika huko. Hilo limeonekana katika kipimo alichobuni Bruce Ames wa Berkeley, Marekani, miaka ya 1970, kinachohesabu bakteria wa Salmonella waliobadilika jeni.

Je, ni kinga ya saratani?

Haijathibitishwa kwa binadamu, na wanaoiuza hivyo wanapotosha. Asidi hiyo hufyonzwa kidogo sana utumboni. Tanini nyingi pia huzuia mwili kupata madini ya chuma. Mjamzito asilipuuze hilo.