Apasuliwe Wapi?

Mwezi huu nataka kusema nanyi juu ya jambo liingialo nyumbani bila kubisha hodi, nalo ni shauri la mgonjwa aliyeambiwa, "Sharti upasuliwe." Neno hilo likisha kusemwa, hofu mbili huingia pamoja: hofu ya kisu na hofu ya gharama. Nami nimeona mara nyingi ya kuwa hofu ya pili ndiyo ichaguayo hospitali.

Mjomba wangu alikuwa na ngiri miaka mingi. Ikitokeza, aliisukuma kwa mkono ikarudi, naye akaenda zake shambani. Mwaka 2019 bwana mganga wa hospitali ya wilaya alimpima, akamwambia, "Mzee, siku moja utumbo utanaswa usirudi. Damu ikizuiwa utumbo huoza, na hapo hatutakuwa na nafasi ya kuchagua." Basi tukakutana jamaa. Kaka yake mkubwa akasema, "Tuuze ng'ombe wawili, tumpeleke hospitali kubwa ya mbali, kitu cha bei ndogo si kitu." Shemeji yangu akasema, "Yuko mtu mjini mwenye chumba chake. Hupasua kwa nusu ya bei ya wilayani, na jioni mgonjwa hulala kwake." Mimi niitwaye mwalimu sikuuliza hata swali moja. Tukaifuata nusu ya bei.

Siku ya nne jeraha likavimba, likatoa usaha. Tuliporudi kwenye kile chumba tulikuta mlango umefungwa kwa kufuli. Mjomba akalazwa hospitali ya wilaya siku 22, akapasuliwa mara ya pili, na ng'ombe wale wawili wakauzwa, hata na wa tatu. Alipona, lakini msimu ule hakulima. Ndipo nilipojua maana ya wahenga waliosema, rahisi huvunja upishi.

Lakini ndugu, msije mkasema, "Basi, kilicho ghali ndicho chema." Sivyo. Huko Uganda waganga waliwapasua wanaume 302 wenye ngiri, na habari zake zikatolewa mwaka 2016. Wengine walitiwa wavu wa kiwandani wa bei kubwa, ule ushonwao ndani ili kuuimarisha mwili. Wengine walitiwa kitambaa cha chandarua cha bei ndogo sana, kilichosafishwa hospitalini hata kisiwe na kijidudu. Baada ya mwaka mmoja ngiri ilimrudia mtu mmoja tu wa chandarua, na wa wavu ghali hakuna. Na taabu za baada ya kupasuliwa zilikuwa karibu sawa pande zote mbili. Angalieni vema: kilichopunguzwa bei ni kitambaa. Usafi haukupunguzwa, wala ujuzi wa mkono.

Tena sikieni habari ya Ifakara. Mwaka 2007 na 2008 Shirika la Afya Duniani lilijaribu karatasi moja ya maswali katika hospitali nane za dunia, na Hospitali ya Mtakatifu Fransisko ya Ifakara ilikuwa mojawapo, pamoja na hospitali za London na Toronto. Karatasi ile yawataka wapasuaji wasimame na kusema kwa sauti: mgonjwa huyu ni nani, apasuliwa wapi mwilini, vyombo na vitambaa vimehesabiwa vyote? Katika hospitali zile zote pamoja, waliokufa walipungua kutoka watu 15 katika kila 1,000 hata 8. Na waliopatwa na madhara walipungua kutoka 110 hata 70. Karatasi haina bei kubwa. Iliyo na thamani ni desturi ya kuifuata.

Jambo la tatu ni usiku. Mwaka 2018 yalitolewa matokeo ya uchunguzi wa wagonjwa zaidi ya 11,000 waliopasuliwa katika nchi 25 za Afrika. Katika waliokufa, karibu wote hawakufa siku ile ya kisu, bali siku zilizofuata. Kwa hiyo haitoshi kuuliza kama mpasuaji ni hodari. Yafaa kuuliza ni nani atakayemtazama mgonjwa saa nane za usiku.

Na hesabu ya fedha nayo tuifanye yote. Mwaka 2015 wataalamu waliokusanywa na jarida la Lancet walikadiria ya kuwa kila mwaka watu milioni 33 huelemewa kupita kiasi na malipo ya upasuaji, na wengine milioni 48 huelemewa na nauli, chakula na malazi. Mwaona basi: hospitali ya mbali yaweza kuiangusha nyumba hata kama kisu chenyewe ni cha bure.

Kwa hiyo, kabla ya kufungua zizi, ulizeni haya. Ni nani atakayepasua, ana cheti, naye amekwisha kupasua ugonjwa huu mara nyingi? Ni nani atakayetoa dawa ya usingizi na kuangalia pumzi? Je, ipo damu, hewa ya oksijeni, na umeme ukikatika itakuwaje? Jeraha likiharibika nitarudi kwa nani? Na bei mliyoitaja, ndani yake mna vipimo, dawa, kitanda na kufungwa jeraha, au hayo yatakuja baadaye? Ulizeni pia kama bima yenu yakubaliwa pale. Na asiye na uwezo amwone afisa wa ustawi wa jamii wa hospitali mapema, wala asione haya.

Ngiri ya kawaida haihitaji safari ya siku mbili, ikiwa hospitali ya karibu yaweza kuyajibu maswali haya. Ugonjwa wa moyo au wa ubongo ni mwingine. Huo wahitaji mahali pake, nanyi mkipewa barua ya rufaa, nendeni.

Mwaka 2023 ngiri ilimtokea mjomba upande wa pili. Safari hii aliniambia, "Mpwa wangu, chukua kalamu." Tukaenda hospitali ya wilaya, tukauliza yote, na mwuguzi akatujibu bila kukasirika. Mjomba alirudi nyumbani siku ya tatu, na ng'ombe wake walikuwa wangali zizini.