Baba, Mwana na Landrova Kuukuu

Katika vijiji vingi vya Tanzania bado utaikuta Landrova ya zamani chini ya mwembe, magurudumu hayana upepo, kuku wanataga chini ya usukani. Zamani ilibeba wagonjwa, mapadre na mabwana shamba. Baba akimwambia kijana wake, “Njoo tuifufue,” majirani hucheka. Mimi sicheki, ila nauliza: fedha zatoka wapi, na nani atashika spana?

La fedha nalimaliza upesi. Karo kwanza, motokaa baadaye. Landrova iliyongoja miaka thelathini yaweza kungoja hata mavuno yajayo.

La spana ndilo zito. Baba mmoja wa huku kwetu alianza kazi hii na mwanawe wa miaka kumi na mitano. Jumamosi ya kwanza baba alilala chini ya gari, mtoto akashika tochi. Ya pili vivyo hivyo. “Inua! Si huko! Huoni?” Ya tatu mtoto alikwenda zake kucheza mpira, baba akamwita mvivu. Mama mtu, aliyekuwa akichambua maharage barazani, akasema, “Kwani ulitaka mtoto au ulitaka tochi? Tochi yaweza kutundikwa.” Ikatundikwa. Tangu siku ile kijana alipewa gurudumu la nyuma la kushoto liwe lake toka mwanzo hadi mwisho, na baba akawa anangoja kuulizwa. Kungoja huko, nasadiki, kulimshinda uzito kuliko nati zote zilizoshikwa na kutu.

Sasa tutazame gari lenyewe. Landrova ya kwanza ilionyeshwa mjini Amsterdam mwezi wa Aprili 1948. Uingereza ilikuwa imetoka vitani, chuma kilikuwa haba, ndiyo sababu bodi ikatengenezwa kwa alumini, madini yale yale ya sufuria zetu. Hapo wengi hudanganyika: waona bodi haina kutu, basi hukimbilia rangi. Lakini chesisi iliyo chini, inayobeba mzigo wote, ni ya chuma chenye uwazi ndani, na kutu huila toka huko ndani. Mtoto apewe nyundo ndogo aigonge toka mbele hadi nyuma. Chuma kizima hulia. Kilicholiwa hutoa sauti ya kufa. Hapo pakatwe, fundi wa kuchomelea atie chuma kipya. Wala asiingie mtu chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki peke yake. Lilazwe kwanza juu ya magogo imara.

Kisha breki. Landrova nyingi za miaka ya 1960 zina njia moja tu ya mafuta ya breki kwa magurudumu yote manne. Ikivuja mahali pamoja, breki zote zimekwisha. Mabomba yaliyochakaa na mipira yote ibadilishwe, hata ile inayopendeza macho. Mafuta ya injini yasitiwe humo kamwe, maana huvimbisha mipira.

Tena liko jambo ambalo mafundi wa zamani hawakuambiwa. Vumbi la breki za kale mara nyingi lina asbestosi, nayo ikivutwa kwa pumzi yaweza kuleta maradhi ya mapafu, hata kansa, baada ya miaka mingi. Lisipulizwe kwa kinywa wala kwa pampu. Liloweshwe maji, lifutwe kwa kitambaa kibichi, nacho kifungwe ndani ya mfuko kitupwe. Wako mafundi wanaopuliza hata leo, na watoto wamesimama karibu wakitazama!

Injini ilifika mwisho. Ile ya petroli ya lita 2.25 ina plagi nne, na moto huzipitia kwa utaratibu wa 1, 3, 4, 2. Baba yule alifunga nyaya kwa 1, 2, 3, 4, kama mtu ahesabuvyo mbuzi. Gari likakohoa, likapiga mshindo, kuku wakatawanyika. Kijana alikuwa amesoma kitabu cha gari usiku uliopita. Akasema kwa adabu, “Baba, nadhani ya tatu hutangulia ya pili.” Baba akanyamaza kidogo, kisha akampa nyaya. “Haya, funga wewe.”

Landrova ile haijapata rangi hata sasa. Lakini inakwenda sokoni, na breki zashika magurudumu yote manne, na la nyuma la kushoto halijavuja hata tone.