Reli Ikilala, Njia Ni ya Nani?

Ukipanda matatu pale Embu ukateremka hadi Sagana, utaikuta reli. Mtu wa Meru naye akipita Timau hadi Nanyuki ataikuta hukohuko, mwisho wake. Huku kwetu upande wa mashariki ya mlima, toka Runyenjes, Chuka, Nkubu mpaka Maua, reli haikufika kamwe. Ilifika Thika mwaka 1913, ikapanda Sagana, Karatina, Kiganjo na Naro Moru, na mwanzoni mwa miaka ya 1930 ikasimama Nanyuki. Ndiyo maana mizigo mingi ya wazee wetu ilibebwa kwa lori kwanza, kisha kwa behewa.

Baadaye treni zikapungua, mwisho njia ikalala kabisa. Nyasi zikaota kati ya vyuma. Watu wakalima mahindi kando yake, akina mama mboga wakapanga nyanya, vibanda vikasimama, na watoto wakaifanya njia ya kwenda shule. Hakuna aliyeitisha baraza kuamua hivyo. Njia ikiwa wazi, miguu huitafuta yenyewe.

Na kweli inafaa sana kwa miguu. Treni haiwezi kupanda kilima kikali, kwa hivyo waliojenga walikata miinuko na kujaza mabonde hadi mwinuko ukabaki mdogo. Hata huku milimani ni nadra uzidi mita 2 kwa kila mita 100. Mzee mwenye mkongojo, mtu wa mkokoteni, mama mjamzito anayekwenda zahanati, wote hupita bila kuhema. Tena hapo hakuna lori wala boda boda ya kukukimbiza mtaroni.

Nchi nyingine zimelifanya jambo hili rasmi. Uingereza ilifunga reli nyingi ndogo baada ya ripoti ya Beeching ya mwaka 1963. Kati ya Bristol na Bath, watu walianza mwaka 1979 kutengeneza njia ya miguu na baiskeli juu ya reli iliyokufa, wakamaliza 1986, kilomita 21 hivi. Marekani nayo ilipitisha sheria mwaka 1983: kampuni ikiacha kuendesha treni, njia yaweza kukabidhiwa watu waitunze kwa kutembea, ila treni ikihitajika tena, reli itarudi pale pale. Hiyo sehemu ya mwisho ndugu msomaji aisome mara mbili.

Maana kwetu ndivyo ilivyotokea, lakini bila mapatano yoyote. Mwaka 2020 serikali iliifufua njia ya Nanyuki, vijana wa NYS na wanajeshi wakishirikiana na Shirika la Reli. Waliokuwa juu ya ardhi ya reli wakapewa ilani waondoke, na vibanda vikabomolewa. Desemba mwaka huohuo treni ya abiria ikaingia Nanyuki tena. Sisi tunaifurahia treni, tusidanganyane. Lakini aliyetegemea kibanda kile kwa miaka mingi hakuwa na karatasi hata moja mkononi. Ati alidhani kimya cha serikali ni ruhusa!

Kwa hivyo, kikundi kikitamani kutumia kipande chochote cha reli iliyolala, mahali popote, kianze na mwenye ardhi, ambaye ni Shirika la Reli la Kenya. Chifu hawezi kuitoa, diwani hawezi, wala kanisa. Waombe kwa maandishi, waseme ni njia ya kupita tu, si ya kujenga wala kulima, na kwamba wataondoka treni ikirudi. Chuma na mataruma visiguswe. Anayeuza chuma cha reli kwa wanunuzi wa vyuma chakavu anaiba mali ya umma, hata kama kimelala miaka 20. Madaraja yatazamwe na fundi kabla mtoto hajakanyaga.

Huku Meru tunao mfano wa njia ya pamoja, ingawa si ya reli. Ni ile ya ndovu, kilomita 14 hivi, inayounganisha Mlima Kenya na msitu wa Ngare Ndare. Mashamba ya Marania na Kisima yalikubali ipite kwao, na tangu Januari 2011 ndovu hupita chini ya barabara ya Nanyuki–Meru. Waliketi kwanza, wakakubaliana nani anatoa ardhi, ua upite wapi na nani atautunza. Ndovu wenyewe hawakusaini kitu.

Watoto wetu wa Embu na Meru bado wanatembea ukingoni mwa lami. Reli ya kuwapa hatuna, lakini vijia vya zamani vya kwenda mtoni na sokoni vingalipo, vingine vimezibwa na ua wa jirani. Kamati ya kijiji yaweza kuanza na hivyo: ivitembee vyote pamoja na wazee wanaokumbuka vilikopita, kisha wavipeleke kwenye ramani ya ardhi waone ni vipi vimeandikwa kuwa vya umma.